Impala ya 1965 kwa Malindi: nunua bodi, injini ina dawa

Impala ya 1965, gari la Chevrolet la Marekani, ina urefu wa mita 5.41 na upana wa karibu mita 2.02. Kabla hujasikiliza injini wala kuisifu rangi, chukua futi ukapime geti lako. Lamu Road na barabara ya Casuarina zinaipokea bila tabu, lakini vichochoro vya mji wa kale havikujengewa chombo kama hiki. Tuktuk ikija mbele, mmoja wenu atarudi nyuma, na tuktuk hairudi. Lamu ndiyo usiseme: gari linaishia gatini Mokowe, ng'ambo ni punda.

Chevrolet iliuza zaidi ya Impala milioni 1 za mwaka huo mmoja. Kwa hivyo si johari adimu. Lilikuwa gari la familia za kawaida Marekani, na wingi huo ndio unaolisaidia hadi leo, kwa sababu spea za injini zingali zinatengenezwa. Inayotathminiwa hapa ni ile ya milango miwili, Sport Coupe, ambayo ni hadtopu: paa la bati lisilo na nguzo ya katikati. Ukivishusha vioo vyote vinne vya ubavuni, upande mzima unabaki wazi kutoka kioo cha mbele hadi nyuma ya kiti cha nyuma. Kwa joto la kaskazi la Februari hicho ndicho kiyoyozi chake, na kusema kweli ndicho kinachomfanya mtu alinunue hili badala ya lile la milango minne lenye nguzo, ambalo ni imara zaidi, halivuji sana na bei yake ni nafuu.

Mitambo yake ni myepesi kueleweka. Kabureta moja, distribyuta moja, hakuna kompyuta. Fundi wa jua kali aliyewahi kufungua injini ya Land Rover ya zamani ataielewa siku ya kwanza. Kinacholiua gari hili Pwani ni chumvi, na kutu haina spea. Ukiwa na pesa za kununua Impala moja kati ya mbili, moja injini imekufa lakini bati ni zima, nyingine inanguruma vizuri lakini imepakwa pati ya kuficha kutu, chukua ile iliyokufa injini.

Bodi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari lililopulizwa rangi juzi ndilo la kuogopwa kuliko lote. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, isije ikakwaruza rangi, uipitishe sehemu nne: chini ya madigadi ya mbele nyuma ya tairi, kingo za chini za milango, vizingiti vilivyo chini ya milango, na bodi iliyo nyuma ya tairi za nyuma. Bati zima hushika sumaku mpaka uivute. Ikidondoka, hapo pana pati, na chini ya pati pana tundu.

Kisha fungua buti, toa tairi ya spea na zulia lote. Angalia sakafu, halafu piga tochi kwenye mifuko ya pande mbili, kushoto na kulia, iliyojificha nyuma ya magurudumu. Ukiona kutu au maji, karibu kila fundi atakwambia mpira wa buti umekufa. Mara nyingi sivyo. Maji yanatoka kwenye kioo cha nyuma. Ule urembo wa chuma kisichoshika kutu unaozunguka kioo unashikwa na vibanio vidogo vilivyofungwa kwenye bodi. Chumvi hukaa chini ya kila kibanio, bati linatoboka, na maji yanateremka kwa ndani hadi butini bila kugusa mpira wa buti hata kidogo. Kipimo chake ni rahisi: mwaga maji kwa mpira wa bustani, taratibu, kwenye pembe mbili za chini za kioo cha nyuma kwa dakika 5 huku buti limefungwa. Fungua uangalie. Pakiwa pamelowa, dawa ni kutoa kioo, kukata bati lililooza, kuchomelea bati jipya la milimita 1, kupaka praima, ndipo kioo kirudi. Silikoni haisaidii. Hufunga maji ndani yasitoke, na mwaka unaofuata tundu limekuwa kubwa mara tatu.

Sehemu ya pili inayosahauliwa ni ile chane ya matundu iliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa. Hapo ndipo hewa ya ndani inapoingilia. Chini yake kuna mfereji wa bati uliofunikwa, na maji ya mvua hutoka pembeni, nyuma ya madigadi ya mbele. Malindi ni mji wa mivinje, na jani la mvinje ni jembamba kama sindano. Linapita kwenye matundu yale moja moja, linalala ndani ya mfereji, mengine yanalalia juu yake, na baada ya msimu mmoja mna kitu kama mkeka uliolowa. Maji hayana pa kutokea. Mfereji unaoza kutoka ndani, na siku moja mvua ya masika inamwangukia dereva miguuni.

Mwaga lita 2 za maji pale. Yakitoka upesi pande zote mbili, shukuru. Yakitoka kwa kuchuruzika, mfereji umeziba, usafishe kwa waya laini na maji ya mpira. Yakilowesha zulia la ndani, umechelewa, na kazi hiyo ni kubwa kwa sababu madigadi lazima yatolewe. Gari likishakuwa lako, kata kipande cha wavu wa mbu wa dirishani ukifunge chini ya matundu yale. Usiegeshe chini ya mvinje wala mwembe. Chini ya mnazi nadhani haihitaji maelezo.

Chasisi ya 1965 ilikuwa mpya: mhimili unaozunguka kabini, badala ya ule wa umbo la X uliotumika kuanzia 1958 hadi 1964. Ni nzuri zaidi, ila mchanga ukiingia ndani ya boriti zake hautoki, na mchanga wa Pwani una chumvi. Jipenyeze chini na nyundo ndogo, upige pale boriti zinapopinda kupanda juu ya eksili ya nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Angalia pia vile vitako vya raba vilivyo kati ya bodi na chasisi. Vikishabonyea, mlango unakuwa na mwanya mpana juu na mwembamba chini, na watu wanaanza kupinda bawaba kurekebisha kitu ambacho hakiko kwenye bawaba.

Kuosha: maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na kuosha nayo ni kuipaka gari sumu kwa sabuni. Tumia ya bomba au ya mvua. Ukishapita barabara ya Gongoni siku ya mvua, nyuma ya malori ya chumvi, osha chasisi siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Turubai la plastiki usifunike, linafungia unyevu. Banda la makuti lililo wazi pembeni ni bora mara kumi. Na ile desturi ya kupuliza oili chafu na dizeli chini ya gari inalinda bati kweli, lakini inakula bushi zote za raba ndani ya miaka michache. Nta ya kuzuia kutu ndiyo sawa. Sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi, inafanya kazi vizuri ajabu, ila usitegemee mtu apande gari lako mwezi huo.

Vioo bila nguzo

Hapa ndipo hadtopu inapomshinda fundi aliyezoea Toyota. Kioo cha mlango hakina fremu. Kikipanda, kinabana mpira ulio kwenye ukingo wa paa kwa mbele na juu, na kwa nyuma kinakutana na kioo cha ubavuni. Kikikosea milimita 3, upepo unapiga mluzi na mvua inaingia. Kuna utaratibu wake, na ukiuruka hatua moja unarudia zote.

Anza na bawaba, si kioo. Fungua mlango nusu, ushike mwishoni, uunyanyue. Mlango huu una zaidi ya mita moja na ni mzito, kwa hivyo pini na bushi za bawaba huliwa mapema. Ukichezacheza kwenda juu, badilisha pini na bushi kwanza. Ni vitu vya bei ndogo. Kurekebisha kioo kwenye mlango ulioinama ni kazi bure.

Halafu mpira wa paa. Ukiugusa na kucha ukaona umekuwa kama gamba, agiza seti nzima, usinunue vipande vipande. Mpira mpya ni mgumu kidogo; ufunge, pandisha vioo, uache gari juani siku 2 upate umbo lake kabla ya kurekebisha chochote.

Kutoa paneli ya ndani ya mlango: mkono wa kupandishia kioo haushikwi na skrubu ila na kibanio cha waya chenye umbo la kiatu cha farasi, nyuma yake. Ukiutekenya kwa bisibisi utapasua paneli. Chukua kipande cha kitambaa, kipitishe kati ya mkono na paneli, ukivute kushoto na kulia kama unayesugua kiatu. Kibanio kitaruka chenyewe. Tandika kanga chini kabla, kwa sababu kikiruka hakionekani tena. Toa skrubu za pa kuegemea mkono, kisha paneli.

Ndani utaona bolti za aina mbili. Zilizo juu ndizo kizuizi cha urefu, zinazoamua kioo kinapanda hadi wapi. Zilizo chini, zinazoshika reli, zinaamua kioo kinaegemea ndani au nje. Weka alama ya rangi kwenye kila moja kabla ya kulegeza, na ulegeze tu, usitoe. Anza na kioo cha mlango: kifuate fremu ya kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele, kisha kibane mpira wa paa. Kikishatulia, ndipo kioo cha nyuma kiletwe kikutane nacho. Ukifanya kinyume, utazunguka siku nzima.

Kipimo ni noti ya shilingi 50. Iweke kati ya kioo na mpira, funga mlango, uivute. Itoke kwa kukaza, kwa urefu wote wa kioo. Ikitoka yenyewe, kioo kiko nje mno. Ikigoma kabisa, kinabana kupita kiasi na mpira utakufa haraka. Mwisho ni maji ya mpira wa bustani, ukianza chini na kupanda polepole, ili ujue hasa yanapoingilia. Na hata baada ya yote hayo, mvua ya masika yenye upepo wa kusi ikipiga ubavuni, tone moja mawili yataingia. Ndivyo gari lilivyoundwa. Anayekuuzia hadtopu akiapa kwamba haivuji kabisa, hajawahi kuwa ndani yake ikinyesha.

Jingine: waambie abiria wasifunge mlango kwa kusukuma kioo. Wasukume bati.

Injini

Zilikuwepo nyingi, kuanzia ya silinda 6 ya lita 3.8 yenye nguvu za farasi 140 hadi V8 (za silinda 8) kubwa za inchi za ujazo 396 na 409. Kwa Malindi, tafuta V8 ya 283, lita 4.6, nguvu za farasi 195. Sababu si uchu wa mafuta pekee. Mgandamizo wake ni 9.25 kwa 1, na unaridhika na petroli ya kawaida ya pampuni. Ile ya 327, lita 5.4, ni tamu zaidi barabarani lakini mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1. Jua likiwa kali na gari limejaa watu, utaisikia ikigonga kama kokoto kwenye kopo, na ukirudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma kuitibu, ule utamu uliolipia umeondoka. Silinda 6 haina ubaya ila gari lina zaidi ya kilo 1,600, na kupita lori kwenye barabara ya Kilifi nayo kunataka moyo.

Ulaji wa 283: kilomita 5 hadi 7 kwa lita. Malindi hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, weka lita 18 hadi 24. Anayekuahidi 10 anauza.

Spana kwanza. Kila bolti ni ya inchi. Zile utakazotumia kila siku ni 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Fundi atakuja na seti yake ya milimita na mambo yataonekana sawa, kwa sababu 13 inaingia kwenye 1/2 bila shida. Tatizo ni 9/16: spana ya 14 haiingii, ya 15 inalegea, na bolti iliyoshikwa na kutu ikivingirishwa na 15 mara moja, kichwa kimeshakuwa duara. Nunua seti ya inchi yako mwenyewe, iishi butini.

Oili: tapeti zake ni bapa na zinasuguana na kamshafti moja kwa moja, kwa hivyo zinahitaji zinki, ambayo oili nyingi za kisasa za petroli zimepunguziwa. Tumia ya 15W-40 ya injini za dizeli. Ni rahisi kupata, na kwa joto la hapa uzito wake unafaa. Lita 4.7 pamoja na filta. Filta ya mwaka huu ni ya kopo, si ya kuzungusha, na kuna kosa linalorudiwa sana: pete ya raba iliyo juu, kwenye bloku, hubaki imeganda pale, fundi haioni, anaweka mpya juu yake. Injini ikiwaka, oili yote iko chini baada ya dakika chache. Chokoa pete ya zamani kwa ncha ya bisibisi kabla ya kufunga mpya. Kuna adapta ya kukuwezesha kutumia filta za kuzungusha, nayo ni pesa iliyotumika vyema.

Pointi, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta, ndizo zinazowapa watu shida isiyo ya lazima. Plagi ziache mwanya wa milimita 0.9. Pointi zilizotumika ziwe 0.4, lakini uzuri wa distribyuta hii ni kwamba huhitaji kupima: ina kidirisha kidogo cha bati ubavuni. Washa injini, ikipata moto inyanyue kidirisha, ingiza spana ya alani ya 1/8 ya inchi, uzungushe kuelekea kulia polepole hadi injini ianze kukosa moto. Hapo rudisha nusu mzunguko kushoto. Basi. Dwelo, yaani pembe ambayo pointi hukaa zimefungwa, itakuwa karibu nyuzi 30. Taimingi inapimwa baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu ukigusa pointi taimingi inasogea. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2, distribyuta ikizunguka kwa mwendo wa saa; silinda 1, 3, 5, 7 ziko kushoto ukiwa umekaa ndani ya gari, na 2, 4, 6, 8 kulia.

Pointi zikiungua kila baada ya wiki kadhaa, usilaumu pointi. Waya unaopeleka umeme kwenye koili si waya wa kawaida. Una ukinzani, kusudi koili isipate volti 12 kamili injini ikiwaka. Mtu amewahi kuukata na kuweka waya wa dukani. Rudisha ukinzani huo, au funga kizuizi cha kauri mahali pake.

Redieta ijazwe maji safi na kizuia kutu, mfumo wote unachukua lita 15 hadi 16. Maji ya kisima yanaanza kula bloku siku ile ile. Temostati ni ya nyuzi 82, na usikubali itolewe. Najua Pwani nzima inaitoa. Injini isiyofika joto lake inakunywa mafuta, inachafua oili na kuchakaa upesi, na ikiwa gari linachemka likiwa na temostati nzima, basi kuna kitu kingine: redieta imeziba, kava ya feni imepotea, au taimingi iko nyuma. Angalia pia ile valvu ya joto iliyo chini ya manifoldi ya ekzosi upande wa kulia. Chumvi huiganda ikiwa imefungwa, ekzosi inazuiwa, moto unarudi chini ya kabureta na petroli inachemka. Huku kwetu ifunge kwa waya ikae wazi daima. Hakuna asubuhi ya Malindi inayoihitaji.

Ukifungua silinda hedi, jambo moja tu: bolti zake zinapita hadi kwenye njia za maji. Zikifungwa kavu, maji yatapanda kwenye nyuzi na utaambiwa gasketi imeungua. Pakaza gundi ya nyuzi kila moja, kaza hadi futi-pauni 65 kwa awamu tatu. Na kwa kuwa petroli yenye risasi haiuzwi tena, hedi ikiwa mezani weka viti vigumu vya valvu za ekzosi.

Giaboksi, breki na mengineyo

Powerglide, giaboksi yake ya otomatiki, ina gia mbili tu za mbele. Inaonekana umaskini, lakini ni giaboksi ngumu kuua. Pima mafuta yake ikiwa moto, injini ikiwaka, gia ikiwa kwenye N. Mafuta yakipungua bila tone hata moja kuonekana chini, na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, usikubali kufunguliwa injini. Chomoa hozi nyembamba ya vakumu kwenye moduleta, kile kikopo kidogo kilicho nyuma ya giaboksi. Ikiwa na mafuta ndani, kiwambo chake kimepasuka na injini inayanywa mafuta ya gia. Moduleta inabadilishwa kwa dakika 20.

Breki ndiyo sehemu ambayo gari hili haliwezi kutetewa. Dramu nne za inchi 11, na masta silinda ya chumba kimoja: paipu moja ikitoboka, huna breki hata kidogo. Marekani walianza kuweka ya vyumba viwili kwenye gari hizi mwaka 1967, na hiyo ya 1967 ya dramu inafungika kwa kubadilisha paipu kidogo. Fanya hivyo kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya kitu chochote. Paipu za chuma za zamani zibadilishwe zote kwa za shaba yenye nikeli, kwani hazioti kutu. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na hewa ya bahari ni unyevu mtupu. Badilisha kila mwaka. Ukivuka dimbwi, kanyaga breki kidogo kidogo mwendo wa mita mia ili zikauke, la sivyo utavuta upande mmoja.

Springi ni laini na mkia ni mrefu. Matuta yapande kwa mshazari, la sivyo ekzosi itakaa juu yake. Tairi asilia hazipatikani, lakini 195R14C za pikapu zinakaribia sana kimo chake. Zinagonga kidogo zaidi, hazipasuki.

Umeme: taa zikififia au stata ikizubaa, usinunue betri. Kuna waya wa kusuka wa ardhi kati ya injini na bodi unaooza kwa chumvi. Weka mpya wa milimita 25 za mraba, na mwingine kutoka betri hadi chasisi. Kwa wanaolikodisha harusini, alteneta yake ni ndogo na gari likitambaa nyuma ya tarumbeta saa nane mchana haichaji vya kutosha. Zima taa za mbele, weka N kila mnaposimama. Viti ni vya vinili: tandika kanga kabla bibi harusi hajakaa.

Kabla ya kulipa

Usifikirie kuliagiza kutoka nje. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na la usukani wa kushoto kwa kawaida halisajiliwi. Tafuta lililokwisha kuwa nchini na lenye logibuku. Za usukani wa kulia zilitoka Oshawa, Kanada. Kwa hiyo sanduku la stelingi na dashibodi zake hazimo kwenye katalogi za Marekani. Zikiwa zimevunjika, punguza bei sawasawa. Namba ya bodi iko kwenye kibati nguzoni, karibu na bawaba za mlango wa kushoto: kwa zilizotoka viwanda vya Marekani, 16437 ni Impala ya V8 milango miwili, 16637 ni Super Sport. Ikianza na 163 iliondoka kiwandani na silinda 6, hata kama leo ndani mna V8. Ilingane na logibuku tarakimu kwa tarakimu.

Kisha liendeshe. Vuka daraja la Sabaki hadi Mambrui na kurudi, wakati wa mchana, si asubuhi. Ukifika, liache likiwaka dakika 10 taa zote zimewashwa, uangalie geji ya joto. Zima. Ngoja robo saa, kwa sababu hapo ndipo joto la ekzosi linaiingia stata na petroli inachemka ndani ya kabureta. Washa tena. Ikiguna bila kuzunguka, ni stata na waya zake, suala la siku moja. Ikizunguka bila kushika, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini bila kupampu na ujaribu tena. Ikishika, chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi ukinuse: mekundu yasiyo na harufu ni sawa, ya kahawia yanayonukia kama mkate ulioungua ni bei nyingine.